Bahasha za Sanduku la Shule

Nimestaafu wiki tatu tu, na tayari mmenipigia simu mara nne kuniuliza mashine ya anwani inapangwaje. Simu zenu hunikuta jikoni, na wali umeungua mara mbili. Basi nimeona niandike yote mara moja, mbandike ukutani au mtie kwenye droo, shauri yenu.

Kuhusu vyeo sina la kusema. Niliingia kliniki ya macho nikiwa karani wa barua, nikatoka karani wa barua, na katika miaka yote hiyo kilichopandishwa ni kiti, baada ya mguu wake mmoja kuvunjika. Mshahara mnaujua. Ninachotaka kuwaachia ni kazi yenyewe, kwa sababu niliipenda, na mpaka leo nikiona bahasha mpya nyeupe mkono unaniwasha.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya vinavyobana, nikaelekezwa chumba kile kile mnachokaa sasa, nyuma ya dirisha la dawa. Ndani alikuwa Mzee Kassim, karani mkuu wa barua. Ukuu wake ulikuwa juu ya nafsi yake tu, maana hapakuwa na karani mwingine.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Umenawa mikono?"

Nilidhani ni mzaha. Mzee Kassim hakuwa na mzaha saa za kazi. Alinipeleka bombani, akasimama mpaka nikamaliza, akanipa kitambaa nijifute. Bahasha yenye alama ya kidole cha mafuta ya mahamri, alisema, ni kumvunjia heshima mtu ambaye hata hujamwona. Wiki nzima ya kwanza sikuandika bahasha hata moja. Niliandika majina kwenye karatasi za kutupwa, yeye akizichana moja moja.

Kanuni zake zilikuwa chache. Jina kwanza, kwa ukamilifu wake, kama mwenyewe anavyojiita. Halafu kijiji, halafu sanduku la posta. Gundi ya bahasha ilowanishwe kwa sifongo iliyo kwenye kisahani, si kwa ulimi, maana sisi si paka. Na maandishi yasomeke na mtu aliyesimama, mkono umenyooka. Alikuwa akisimama katikati ya chumba, anainyoosha bahasha yangu mbele yake, anakunja uso. Akishindwa kuisoma, anaichana. Nimechaniwa bahasha ambazo zingejaza gunia, na kila moja ilistahili.

Jambo kubwa alilonifundisha ni hili la masanduku. Huku kwetu nyumba haina namba, na njia nyingi hazina jina ila la mwenye mwembe au mwenye duka. Sanduku la posta la peke yako ni la mtu mwenye biashara zake. Sisi wengine barua zetu hupitia kwa mtu: sanduku la msikiti, sanduku la duka la jumla, sanduku la hoteli ya Diani ambako mwanao ni askari wa lango. Upande wa bara, kule Samburu yetu ya Kwale na Mackinnon Road, mara nyingi ni sanduku la shule ya msingi. Mwalimu mkuu ndiye mwenye ufunguo, anakwenda posta siku yake, anarudi na barua za kijiji kizima, na watoto wanazipeleka nyumbani ndani ya madaftari. Sanduku moja linaweza kuwa na watu arubaini nyuma yake.

Mzee Kassim alikuwa nao wote kichwani. Msikiti mmoja wa Msambweni ulikuwa na kina Hamisi Juma wanne, na niliona kwa macho yangu akiandika "Hamisi Juma, yule acheka sana." Barua ilifika. Hamisi mwenyewe alikuja nayo, akicheka.

Mtaniuliza kwa nini barua, na simu zipo. Tulijaribu simu. Mgonjwa ana namba leo, kesho laini imepotea, au simu ni ya mjukuu na mjukuu yuko kazini Ukunda. Na huo ujumbe ukifika, nani anauamini? Watu wetu wameshatapeliwa na kila aina ya ujumbe. Ukimwandikia mtu kwamba amechaguliwa kupasuliwa jicho, anaufuta kabla hujamaliza, anasema wezi wameanza na macho sasa. Lakini bahasha yenye jina lako na muhuri wa kliniki, iliyotoka mkononi mwa mwalimu mkuu, hiyo mtu huivalia nguo za Idi.

Kambi ya macho mnaijua. Madaktari wapasuaji hutujia wiki moja tu kwa mwaka. Kabla ya hapo wauguzi wetu huzunguka vijijini kuwapima watu, na wale ambao mtoto wa jicho ameiva huandikwa daftarini. Kazi yangu ilikuwa kuwaita. Kadi ya ndani ni ile ile kwa kila mtu wa eneo lile: siku gani, gari litasimama wapi, usile kitu gani. Jina liko juu ya bahasha peke yake, na askari wa lango huangalia bahasha. Mtindo huo tuliuanzisha baada ya mwaka mmoja ambao wenye nguvu za kusukuma walipasuliwa, na waliokuwa hawaoni kabisa wakarudi nyumbani. Kwa hiyo katika kambi ya macho, asiye na bahasha hana jicho. Likumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Mzee Kassim alipostaafu, na baadaye Mungu akamchukua, nilibaki peke yangu na bahasha mia sita za kila kambi. Mwaka juzi kifundo changu cha mkono kilivimba hata nikawa nashika kikombe kwa mikono miwili. Wafadhili wakaambiwa. Ndipo ikaja mashine.

Jamani, mashine! Nilikuwa na miaka hamsini na minane na niliruka kama msichana. Ililetwa ndani ya sanduku la karatasi lenye ukubwa wa cherehani ya mezani, pamoja na fundi wa kuipanga, binti mmoja wa bara aitwaye Njeri, anayekaa Ukunda. Alikuwa na vidole vya haraka mno.

"Madam, hii kitu ni rahisi," alisema. "Unaingiza orodha, unachagua maandishi, unabonyeza. Imeisha hiyo."

"Mwanangu, usinikimbize. Kalia mikono yako, unielekeze kwa mdomo. Mashine niiguse mimi."

Alicheka, lakini aliikalia kweli. Na ndivyo nilivyojifunza, na ndivyo ninavyotaka mjifunze. Bahasha huwekwa kwenye trei ya nyuma, uso juu, kifuniko cha gundi mbele. Zile kuta mbili za pembeni zisogezwe mpaka ziguse bahasha bila kuibana. Halafu kuna vile vidole vya mpira, na hapo ndipo penye siri yote. Nafasi chini yake iwe ya bahasha moja na nusu: moja ipite, ya pili izuiwe na vidole hivyo. Mkilegeza, zitapita mbili na moja itatoka tupu, haina jina. Mkikaza, mashine italia kama mbuzi aliyefungwa. Mwisho, kichwa cha wino kishushwe karibu na bahasha, lakini kisiiguse, la sivyo wino utaburuzika.

Saa ya kwanza hakuna kilichokwenda. Bahasha ziligandamana, nyingine zikajifunga zenyewe. Njeri alifungua mashine, akaifunga, akapiga simu kwao, akakuna kichwa. Nikamwambia aiache. Alikuwa amezoea kuzipanga mashine hizi Nairobi, na Nairobi hawana bahari ya kulainisha karatasi. Nikazitoa bahasha, nikazitia ndani ya kabati la faili nililolitundikia balbu, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi nikazipepea kama karata, nikazipanga tena. Zikapita moja baada ya nyingine, tak, tak, tak, na kila moja ina jina la mtu, jeusi, limenyooka. Nilichukua ya kwanza, nikasimama katikati ya chumba, nikanyoosha mkono. Ilisomeka! Nikapiga vigelegele hata mfamasia akatoka kuuliza nani amejifungua.

Katika furaha hiyo ndipo nilipofanya kosa. Nimelisimulia kwa mdomo mara nyingi na kila mara nikilipunguza kidogo. Hapa nitaliandika lote.

Kwenye kompyuta iliyounganishwa na mashine, kabla ya kubonyeza kuchapa, kuna ukurasa wa mapendeleo. Mmoja wa mistari yake unauliza kama hutaki anwani zirudiwe. Njeri alinieleza vizuri: "Hiyo inazuia mtu asipate barua mbili, madam. Inaokoa stempu." Mimi ni mtu wa kuokoa. Nilitia tiki kwa kidole changu mwenyewe, na nikajiona mjanja. Njeri akaaga, akapanda tuktuk yake akaenda. Hakuwa na kosa. Alikotoka yeye, watu wawili wenye sanduku moja ni mtu na mkewe, au ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Mimi ndiye niliyefundishwa na Mzee Kassim kwamba sanduku moja ni kijiji.

Bahasha zote zilikwisha kuchapwa kabla ya adhuhuri. Kazi ya wiki mbili! Nilitia kadi, nikafunga, nikapeleka posta, nikarudi nikitembea kwa madaha. Kadi zilibaki nyingi, furushi zima. Mnajua nilisema nini? Nilisema wachapaji wametuzidishia kwa hisani yao. Nikazigeuza upande mweupe nikaanza kuandikia mahitaji ya ofisi: sukari, majani ya chai, sabuni. Juu ya kadi ya mtu asiyeona nimeandika sabuni.

Zilipita wiki tatu. Ijumaa, siku tatu kabla ya kambi, Sista Zainabu, muuguzi mkuu wetu, alichungulia mlangoni.

"Mwanatumu, nipe idadi ya watu wa Samburu, nipange vitanda vya Jumatano."

Nikafungua kumbukumbu ya mashine, nikatafuta sanduku la ile shule ya upande wa Samburu. Daftari letu lilikuwa na watu kumi na watatu. Mashine ilionyesha mmoja: Mbeyu Tsuma. Nikaangalia sanduku la msikiti, mmoja. La hoteli, mmoja. La duka la Mackinnon Road, mmoja. Nikalitazama furushi la kadi na orodha yangu ya sukari. Nilikaa chini sakafuni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na naomba nisiione.

Sista Zainabu hakunigombeza. Alisema tu, "Tuna leo, kesho na keshokutwa." Nikanyanyuka, nikaondoa ile tiki, nikatia bahasha. Mashine haina kinyongo; ilichapa zote mpaka za mwisho. Kadi nilizoziharibu niliziandika upya kwa mkono, kifundo kikiuma, na niliona kinauma kwa haki. Jumamosi nilizunguka Diani na Msambweni kwa tuktuk, lango la hoteli hadi lango la hoteli, msikiti hadi msikiti, nikimkabidhi kila mtu bahasha yake na kuomba radhi. Jumapili alfajiri mimi na Salimu, dereva wa kliniki, tukapanda Kwale, tukapita Kinango, tukaelekea Samburu.

Mwalimu Nyawa, mwalimu mkuu na mwenye ufunguo wa sanduku, alitupokea nje ya ofisi yake.

"Karibu, mama. Barua ilikuja moja tu, ya Mama Mbeyu," alisema. "Wale wengine walinyamaza, walisema bahati haikuwa yao. Lakini hiyo moja imeleta vita kwa marehemu Mzee Tsuma."

Akanieleza njiani. Mzee Tsuma aliacha wajane wawili, Mbeyu mke mkubwa na Nyamvula mke mdogo, wote wazee sasa, wote wameshikwa na mtoto wa jicho, mmoja akimwongoza mwenzake kwa kumbukumbu tu. Walipimwa siku moja. Barua ilipokuja ya Mbeyu peke yake, Nyamvula alisema mke mwenzake ameificha yake. Mbeyu kwa hasira akamrushia bahasha aende yeye. Nyamvula akasema haendi na jina la mtu. Wiki mbili hawajasemezana, na Jumatano hakuna kati yao aliyekuwa na nia ya kupanda gari.

Tuliwakuta kila mmoja ameketi mlangoni pake, uso ameugeuza asimtazame mwenzake, ingawa hakuna aliyeweza kumwona mwenzake.

Niliwaamkia, nikawaambia nimetoka kliniki. Nyamvula hakungoja.

"Huyu na mimi tulishikana mikono kwenye foleni," alisema. "Muuguzi aliniambia jicho langu limeiva. Barua yake ikaja. Yangu imekwenda wapi?"

"Nami ningeificha wapi, na hata mlango siuoni?" Mbeyu alijibu, akiuambia ukuta.

Ningeweza kusema ni posta. Ningeweza kusema ni mashine, na mashine isingejitetea. Nilijua nikisema hivyo wataamini, na vita vitaendelea kwa namna nyingine.

"Mama zangu, kosa ni langu," nikasema. "Kliniki kuna mashine ya kuandika majina. Mimi niliiamuru isirudie anwani. Ikaona sanduku la shule ni moja, ikadhani watu wote wa sanduku hilo ni mtu mmoja. Mama Mbeyu hakuficha kitu. Barua ya Mama Nyamvula haikuandikwa mpaka juzi."

Kuku alipita.

"Mashine ilidhani," Mbeyu alisema polepole, "mimi na huyu ni mtu mmoja?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi na huyu asiyejua kusonga sima?"

"Mimi na huyu akoromaye mpaka mbuzi wanaamka?" Nyamvula akadakia.

"Mtu mmoja!" wakasema pamoja, wameudhika kweli kweli, na nyuso zao zilikuwa zimekwisha kugeukiana. Mwalimu Nyawa alitazama chini akikaza midomo.

Nikampa Nyamvula bahasha yake. Aliipapasa pembe zote nne, kisha akampa mwalimu aisome, maana mimi sikuwa mtu wa kuaminiwa tena na sikumlaumu. Mwalimu akasoma: Nyamvula Tsuma. "Soma tena," alisema. Akasoma tena. Akaitia ndani ya leso, kifuani.

"Jumatano nitapanda gari," alisema. "Lakini huyu asikae dirishani peke yake."

Jumatano nilikuwa langoni tangu asubuhi. Gari la Samburu lilipoingia nilihesabu wanaoshuka kwa sauti kama mtu aliyerukwa na akili. Kumi na watatu! Kila mmoja na bahasha mkononi. Nilimkumbatia Salimu, jambo ambalo mkewe huniuliza mpaka leo.

Kwa hiyo, wanangu, ule mstari wa kuzuia anwani zisirudiwe uacheni mtupu. Mkimaliza kuchapa, hesabuni kadi zilizobaki. Zikizidi tatu, simamisheni kila kitu, mtafute ni nani mliyemsahau. Wachapaji hawana hisani hiyo.

Alhamisi asubuhi nilikwenda wodini wakati Sista Zainabu anafungua bandeji. Alianza na Mbeyu, halafu Nyamvula. Walikaa kitandani ubavu kwa ubavu wakipepesa macho, wakitazama mikono yao, kisha dirisha, kisha wakatazamana. Walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. "Umezeeka," alisema mmoja. "Na wewe je?" alisema wa pili.

Kisha Nyamvula akaitoa bahasha yake kifuani, imekunjamana. Hajui kusoma, wala Mbeyu hajui. Akainyoosha juu ya goti, akaomba ya mwenzake, akaziweka pamoja, akazitazama kwa muda mrefu, akipitisha kidole juu ya ule wino mweusi.

"Langu ni refu kuliko lako," alisema.

Mbeyu akainama, akapima kwa jicho lake jipya.

"Ni refu," alikubali. "Lakini langu lilitangulia kufika."

Walicheka mpaka Sista Zainabu akaja kuwakataza, kwamba jicho lililopasuliwa jana halichekeshwi hivyo. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje, nalia.